Sony au Fuji? Nijibu kwanza: unalipwa usiku au mchana?

Masikio bado yananivuma kwa sababu ya spika za ukumbini Jumamosi iliyopita. Wiki hii tunaweka pembeni mambo ya mapishi na wivu wa mashemeji, tunaingia kwenye kamera. Najua wapo wanaotaka kufunua ukurasa. Ngojeni kwanza! Siku hizi karibu kila ukoo una kijana anayetaka kuwa mpiga picha, na kila kijana wa namna hiyo ana mjomba anayefuatwa atoe ushauri, au atoe mshiko.

Kwangu amekuja mpwa wangu. Kwa miaka miwili amekuwa akimbebea begi bosi wake kwenye harusi, send-off na kitchen party za hapa Dar, na sasa anataka kujitegemea. Mkopo wa VICOBA ameshaupata. Mdhamini ni mama yake, yaani dada yangu mimi, na dhamana ni lile friji lake la kuuzia barafu na juisi ya ukwaju. Kijana akakaa kwenye kochi, akanywa chai vikombe viwili, kisha akatoa la moyoni.

"Mjomba, kuna Sony A7 III na kuna Fuji X-T5. Ipi kali?"

Jamani, swali la "ipi kali" ndilo linalopeleka mafriji ya watu mnadani. Nilimwambia sijibu mpaka nizishike zote mbili kwa mkono wangu. Sony aliazima kwa bosi wake. Fuji ikatoka kwa binti mmoja wa jirani yetu wa zamani, ambaye yuko Unguja na anatembeza wageni Mji Mkongwe huku akiwapiga picha. Jumamosi nikaenda ukumbini Tabata, Jumapili nikapanda boti. Msinionee wivu, kazi ndiyo iliyonituma.

Kwa wasiojua, hizi zote mbili ni zile kamera zisizo na kioo ndani. Kamera kubwa tulizozizoea zilikuwa na kioo kinachorusha picha juu kwenye tundu la kuchungulia, na ukibonyeza kinaruka, ndiyo ule mlio wa "klak". Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, wakakiondoa kioo lakini lenzi ikabaki ya kubadilisha. Ukichungulia unaona kiskrini kidogo, na unachokiona ndicho kitakachotoka: kama picha inakuja nyeusi, unaiona nyeusi kabla hujabonyeza. Sisi tuliokulia kwenye filamu za picha 36, tukisubiri studio wasafishe ndipo tujue kama bibi harusi ana macho, tunaiona hii kama miujiza.

Tuanze na Sony. A7 III ilitangazwa Februari 2018, kwa hiyo si toto tena, na Sony wenyewe walitoa A7 IV mwaka 2021. Lakini sensa yake, kile kibamba kinachopokea mwanga, ni milimita 36 kwa 24, sawasawa na kipande cha ile filamu yetu ya zamani. Fuji X-T5 ni ya Novemba 2022, na sensa yake ni milimita 23.5 kwa 15.6. Piga hesabu mwenyewe: ya Sony ni zaidi ya mara mbili kwa eneo. Weka beseni na bakuli chini ya bati mvua ikinyesha, halafu uniambie kipi kimekinga maji mengi.

Ukumbini mvua ya mwanga huwa manyunyu tu. Mnazijua kumbi zetu. Mpambaji kafunika dari kwa vitambaa vya zambarau, taa za rangi zinazunguka, MC kazimisha taa kubwa "ili tuwapokee maharusi kwa heshima", na hao wanaingia wakicheza, hawasimami hata sekunde. Hapo nilifungua lenzi mpaka f/2.8, spidi nikaiweka 1/100, nikapandisha ISO mpaka 6400. Picha za Sony zilitoka safi. Suti nyeusi ya bwana harusi ilibaki nyeusi, mikunjo yake inaonekana. Jioni hiyo hiyo Fuji ilikuwa kwenye begi la mpwa wangu, maana binti alituma kwa boti ya mchana, nikapiga nayo palepale kwa vipimo vilevile. Kwenye suti kukawa na chenga. Si chenga za kutisha, na picha inauzika, lakini ukiziweka pamoja hakuna mtu wa kamati ya harusi atakayekosa kuona tofauti.

Atakuja mtu aniambie, "Mzee, si utumie flashi?" Kweli kabisa, na ukiwa na flashi nzuri pengo linapungua sana. Zote mbili zinakubali flashi mpaka spidi ya 1/250. Tatizo ni lile dari la zambarau. Flashi ukiielekeza juu ili mwanga urudi taratibu, unarudi na rangi ya kitambaa, na bibi harusi anageuka biringanya. Ukiielekeza usoni moja kwa moja, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia na ukuta wa nyuma unakuwa giza la shimoni. Mpiga picha anayeweza kufanya kazi kwa mwanga uliopo, akaongeza flashi kidogo tu, ndiye anayeitwa tena.

Halafu kuna suala la macho. Sony ina alama 693 za kulenga, zimetapakaa asilimia 93 ya picha, na ikishalishika jicho la mtu haliachii. Bibi harusi alikuwa na shela usoni, kuna mama anapita na sahani ya pilau, kuna mtoto anakatiza akikimbiza puto, na kile kiboksi kimeganda kwenye jicho la bibi harusi kama kupe. Fuji nayo inatafuta uso na jicho, lakini mle gizani mara mbili iliruka ikaenda kwa shangazi aliyekaa nyuma. Shangazi alipendeza, sikatai, ila si yeye aliyelipia.

Hapa niseme neno kuhusu ngozi zetu, maana halisemwi vya kutosha. Kamera ikipima mwanga yenyewe inajaribu kuifanya dunia nzima iwe na ukijivu wa katikati. Bwana harusi mweusi wa kutosha, suti nyeusi, na pembeni gauni jeupe pe: kamera inachanganyikiwa. Ikilifuata gauni, nyuso zinazama. Ikizifuata nyuso, gauni linakuwa shuka lisilo na hata ua moja la kudarizi, wakati familia imelikodi kwa hela nyingi ili hayo maua yaonekane. Dawa ni kulinda gauni kwanza, upige giza kidogo kwa faili ghafi, kisha nyuso uzipandishe kwenye kompyuta. Kamera zote mbili zinavumilia mchezo huo. Ila saa nne usiku, ISO ikiwa juu, Sony inavumilia zaidi. Ukizipandisha nyuso za kwenye Fuji, zile chenga nazo zinapanda.

Jambo moja liliwashinda wote wawili. Kamera hizi zinaweza kupiga kimya kabisa, bila mlio, na kanisani padri anashukuru. Lakini ukiwasha huo ukimya chini ya taa za LED, picha inaweza kutoka na mistari mistari kama shuka la kimasai. Umeme wetu ni wa hetsi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na jicho halioni. Spidi ya 1/50 au 1/100 husaidia. Taa za jukwaani zilizofifishwa zina mapigo yake mengine, hapo rudi kwenye shata ya kawaida na padri akusamehe.

Basi mpwa wangu akaniona naitikisia Sony kichwa, uso ukamshuka. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye Fuji. "Mjomba, lakini Fuji ina megapikseli 40. Sony 24 tu!" Nikamuuliza wateja wake wanaangalia wapi picha. Akacheka mwenyewe. WhatsApp. Unapiga picha ya nukta milioni 40, unaituma kwenye kundi la familia, WhatsApp wanaibana mpaka inabaki kama stempu, na shangazi wa Moshi anajibu "nzuri sana mwanangu". Hata ukichapa, nukta milioni 24 ni 6000 kwa 4000. Ukichapa kwa nukta 300 kila inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13 bila kuvuta. Albamu gani ya harusi inazidi hapo? Wakati huohuo zile 40 zinakula kadi na kompyuta. Harusi moja ni picha elfu mbili au tatu, na kijana anasafishia picha kwenye laptop ya mkononi inayopumua kama ina pumu.

Wapenzi wa Fuji msinitukane bado, Jumapili yenu imefika.

Nilishuka bandarini Unguja asubuhi na begi dogo begani. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile kamera. Mwili wake gramu 557, na binti alikuwa amenipa lenzi ya XF 35mm f/2 ya gramu 170. Jumla haifiki robo tatu ya kilo. Sony ni gramu 650, na lenzi niliyotumia ukumbini, Tamron 28-75 f/2.8, ni 550, yaani kilo moja na robo shingoni. Kwa saa mbili huoni kitu. Kwa siku nzima ya kutembea kwenye vichochoro na jua lile, shingo inakushitaki.

Tena uzito ni nusu tu ya habari. Ukiwa na dude kubwa, watu wa Mji Mkongwe wanakuona kwa mbali, mzee wa kahawa anageuza uso, mama anashusha pazia. Na wana haki, picha ya mtu huombwa. Fuji inafanana na zile kamera za baba zetu, ndogo, ina visahani juu, haitishi mtu. Nilimwomba muuza kahawa mmoja, akakubali, akaniuliza, "Hiyo bado yatumia filamu?" Tukazungumza robo saa kabla sijabonyeza, na picha ikawa bora kwa sababu ya hiyo robo saa.

Visahani hivyo ndivyo utamu wenyewe. Kushoto kuna cha ISO, kulia cha spidi, pembeni yake cha kuongeza au kupunguza mwanga, na tundu la lenzi unalizungusha kwenye lenzi yenyewe. Kamera ikiwa imezimwa, unaangalia juu na kujua kila kitu kimekaa wapi. Binti aliniona nahangaika kutafuta menyu akanicheka. "Mzee wangu, usitafute ndani, yote yako juu hapo, zungusha tu." Kwenye Sony mambo mengi yamo kwenye menyu, na menyu ya A7 III, niseme ukweli, imepangwa kama stoo ya mtu anayehama.

Rangi je? Fuji walianza na filamu mwaka 1934, na rangi za filamu zao wameziweka ndani ya kamera. X-T5 ina namna 19 za rangi. Ipo Velvia, jina la filamu yao ya mwaka 1990, inayofanya bahari iwe bluu ya kujidai na kanga ziwake. Ipo Acros ya nyeusi na nyeupe, ambayo milango ya Mji Mkongwe na misumari yake ya shaba inatoka bomba kabisa. Mgeni wa binti yule anaondoka na boti ya jioni. Anataka picha zake leo, hana muda wa kusubiri mtu akae siku nne kwenye kompyuta. Zinatoka kwenye kamera zikiwa tayari. Hiyo kwake ni hela, siyo mikogo.

Mchana wa jua kali Fuji ina kamchezo kengine. Shata yake ya kielektroniki inafika 1/180000, Sony inaishia 1/8000. Kwa hiyo saa saba mchana, mchanga mweupe, unaweza kuifungua lenzi yote ili nyuma kufifie na picha isichomeke. Pale Forodhani vijana wanaruka baharini kwa sarakasi, nilipiga mfululizo nikakamata matone ya maji yamesimama hewani. Na hapa zile megapikseli 40 zikapata kazi: kijana alikuwa mbali, nikakata picha nikabaki na yeye peke yake, na bado inafaa kuchapwa kubwa. Binti anachapa picha za kutundika ukutani, za inchi 24 na zaidi. Yeye anazihitaji zile nukta 7728 kwa 5152. Mpwa wangu hazihitaji.

Kwa wanaoota Mikumi na twiga, sensa ndogo huvuta: lenzi ya 300mm kwenye Fuji inaona kama 450. X-T5 imefundishwa pia kuwatambua wanyama na ndege. A7 III iliongezewa jicho la mnyama kwa programu mwaka 2019, ila ndege haiwajui.

Video nitaisema kwa kifupi lakini kwa sauti, maana siku hizi hakuna harusi isiyo na video. A7 III hukata yenyewe kila baada ya dakika 29 hivi. Mchungaji wetu dakika 29 ndiyo kwanza anamalizia salamu! Ukiwa nayo, bonyeza upya wakati kwaya inasimama, usingoje ikate katikati ya kiapo. X-T5 inaenda mbali zaidi ya hapo, rangi zake za video ni za bit 10 wakati Sony ni 8, na inafika 6.2K. Kama mpwa wangu angekuwa mtu wa video kwanza na picha baadaye, maongezi yangekuwa mengine.

Betri: kwa vipimo vya viwanda, Sony picha 710, Fuji 580. Kwa harusi ya saa kumi na umeme wa kubahatisha, beba tatu kwa yoyote. Zote zina nafasi mbili za kadi, na hapa sitanii. Weka kadi mbili, picha iandikwe kote kote. Kuna bwana namfahamu, kadi yake moja ilikufa na ndoa nzima ya watu. Mpaka leo akiona gari la yule bibi harusi anavuka barabara.

Sasa hesabu ya friji. A7 III ilipotoka ilikuwa dola 2,000 hivi mwili mtupu, X-T5 dola 1,700 hivi. Leo Sony hii inapatikana iliyokwisha tumika kwa bei ya chini zaidi, na ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu aichukue, kwa sababu chenji inayobaki inanunua lenzi. Kijana alitaka kumalizia mkopo wote kwenye mwili halafu "lenzi itakuja, Mjomba". Haiji! Tamron ile ya 28-75 na Sony ya 85mm f/1.8 kwa picha za maharusi peke yao, anafanya harusi yoyote ya Dar. Binti wa Unguja ningemkataza kabisa kubadilisha. Fuji yake na lenzi mbili ndogo za f/2 zinaingia kwenye kikapu.

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja kunichukua twende Kariakoo.

Na wewe ukienda kununua ya mkononi, nenda mchana. Vaa lenzi, funga tundu mpaka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha: ukiona madoa, sensa ina vumbi. Vumbi husafishika, mkwaruzo hapana. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute utando kama wa buibui. Huo ni ukungu, ugonjwa wa sisi wa pwani, na ukishaingia ni gharama. Muulize muuzaji shata imepiga mara ngapi, kisha hakikisha mwenyewe. Ya A7 III Sony waliipima kwa mara 200,000, na kamera ya mtu wa harusi huzila haraka. Washa ISO 6400 dukani, mpige mwenye duka akiwa kwenye kivuli, uangalie kola ya shati lake. Akikataa kupigwa, mrudishie kamera yake taratibu, muage, nenda duka la pili.